Usikate Tiketi Kwanza: Kuasili Mtoto wa Nyumbani Ukiishi Ng'ambo

Desemba ikikaribia, magari ya kukodi kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret huanza kuingia Kibomet, hapa Kitale, yakiwa yamejaa masanduku. Watu wetu wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ghuba wanarudi kusalimia. Baadhi yao huja na nia nyingine moyoni, ya kuondoka na mtoto. Dada alifariki akaacha watoto wawili, kukhu, yaani bibi yao, amezeeka na magoti yanamsumbua, na karo hutumwa kila muhula lakini haijulikani inaishia wapi. Basi mjomba au shangazi aliye Minnesota anakata shauri kwamba atamwasili yule mdogo, aje akae wiki nne, arudi naye.

Nia hiyo ni njema na nimeiona ikifanikiwa. Nimeiona pia ikiumiza. Mtoto ameshaagwa darasani, nguo za baridi zimeshanunuliwa, majirani wote wanajua, kisha viza inakataliwa na hakuna anayeweza kumweleza kwa nini. Mtoto aliyefiwa na mama hapaswi kuachwa mara ya pili kwa sababu ya karatasi ambazo mtu mzima angeweza kuziulizia mapema. Kwa hiyo ushauri wangu una mpangilio mmoja. Anza na nchi ambayo mtoto ataenda kuishi, kisha uje kwa ukoo wake, halafu ndipo uende mahakamani. Wengi huanza na mahakama, na wengine huanza na tiketi.

Niseme kwanza habari ya kalenda, maana inawaponza wengi. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, wala si mahakama ya hakimu. Heri yetu ni kwamba Mahakama Kuu ipo Kitale na ipo Bungoma, kwa hivyo kesi yenyewe haikulazimishi kuhamia Nairobi. Lakini mahakama hiyo ina likizo zake: kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, na kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari, mbali na siku chache za Pasaka. Sasa tazama watu wetu wanakuja lini. Wanakuja Agosti shule za ng'ambo zikiwa zimefungwa, au wanakuja Krismasi. Wanatua nyumbani siku zilezile ambazo jaji husikiliza mambo ya dharura tu. Ikiwa wakili wako anasema ni lazima ufike mwenyewe mbele ya jaji, omba likizo ya Februari, Juni au Oktoba, hata kama mwajiri atanung'unika.

Wala kesi yenyewe si jambo la siku moja. Sheria ya Kenya inataka mtoto awe amekaa mikononi mwa mwombaji, humu nchini, kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kuwasilishwa. Baada ya hapo mahakama huteua mlezi wa kesi, mtu ambaye kazi yake ni kutazama maslahi ya mtoto peke yake, si yako. Afisa wa watoto huandika ripoti yake pia. Jaji huzisoma zote na anaweza kutaka maelezo zaidi. Wiki nne hazitoshi hata kwa kipande cha kwanza cha safari hii, na wakili anayekuambia zinatosha, mwache.

Sasa nchi unakoishi. Kenya ilijiunga mwaka 2007 na Mkataba wa The Hague wa 1993 unaolinda watoto katika uasili wa nchi mbili. Mkataba huo hauangalii pasipoti yako. Unaangalia makazi yako. Mwana wa Kibomet aliye na kitambulisho cha Kenya lakini anaishi Dallas, na anayetaka kumpeleka mtoto Dallas, kesi yake ni ya nchi mbili hata kama mtoto ni wa dadake wa tumbo moja. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu hupata amri halali ya mahakama ya Kitale kama Mkenya wa kawaida, kisha hufika ubalozini wakaambiwa njia waliyopitia haikuwa yenyewe.

Kwa walio Marekani, mambo matatu. Mwenye kadi ya kijani hawezi kutumia njia ya The Hague. Njia hiyo ni ya raia. Raia naye anatakiwa kupitia shirika lililoidhinishwa, akaguliwe nyumba yake na kupata kibali cha fomu I-800A kwanza, halafu fomu I-800 ya mtoto mwenyewe, na hiyo ya pili lazima iingie kabla mtoto hajatimiza miaka 16. Jambo la tatu ndilo linalouma zaidi: usimwasili mtoto wala kupewa ulezi wake wa kisheria kabla ya fomu ya mtoto kupata kibali cha awali. Ukitangulia kuasili, umejifungia mlango kwa mkono wako. Ipo njia nyingine ya ombi la familia, ambayo inataka mtoto awe ameasiliwa kabla ya miaka 16, mzazi awe na ulezi wa kisheria kwa miaka 2, na wawe wameishi pamoja kwa miaka 2. Kwa mtoto aliye Kenya, maana yake kwa vitendo ni kwamba mzazi arudi aishi naye huku. Wapo waliofanya hivyo, wakafungua duka mjini Kitale au wakalima mahindi kwa misimu kadhaa huku wakilea. Si njia mbaya. Ila uichague ukiijua, usije ukaangukia humo kwa bahati mbaya.

Walio Uingereza wajue kwamba kumleta mtoto aliyeasiliwa nje ndani ya miezi 12 iliyopita, bila mzazi kuwa amechunguzwa na kuidhinishwa huko kwanza, ni kosa la jinai chini ya sheria yao ya 2002. Kanada kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hivyo jibu alilopewa rafiki yako wa Alberta lisikutoshe wewe wa Ontario. Na aliye Ghuba kwa mkataba wa kazi za nyumbani asijidanganye: mkataba huo haumruhusu kuishi na familia, awe amezaa au ameasili.

Upande wa Kenya nao umebana, na una sababu. Novemba 2014 serikali ilisitisha uasili wa watoto kwenda nje, kukiwa na hofu ya ulanguzi wa watoto uliojificha chini ya karatasi nzuri. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri likakaza zaidi kwa kuagiza marufuku ya raia wa kigeni kuasili watoto wa Kenya. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo na kuchukua nafasi ya ile ya 2001. Linalosimamia mambo ya kuasili kitaifa ni Baraza la Taifa la Huduma za Watoto, lililoko Nairobi. Kabla hujalipa nauli, liandikie barua baraza hilo, eleza uraia wako, unapoishi, uhusiano wako na mtoto, na unapotaka aishi. Omba jibu la maandishi. Jibu la mdomo ulilopewa na mtu anayemjua mtu halitasomwa na ofisa wa viza. Na kama kesi yako itapita njia ya The Hague, karatasi utakayohitaji mwishoni ni cheti cha Kifungu cha 23 cha mkataba huo, kinachothibitisha kwamba uasili umefuata taratibu za nchi zote mbili. Uliza tangu siku ya kwanza kama utapewa.

Ukishapata majibu hayo mawili, la nchi unakoishi na la baraza, njoo kwa ukoo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona wenye pesa na mawakili wazuri wakishindwa na kikao cha jamaa chini ya mwembe.

Kuasili kunakata. Amri ikishatolewa, mtoto huhesabiwa kuwa umemzaa wewe ndani ya ndoa, na haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma. Ukoo wa baba ukisikia hivyo, maswali yanaanza, na ni maswali ya haki. Swali la kwanza ni ardhi. Katika Trans Nzoia familia nyingi zinaishi kwenye shamba lililonunuliwa na babu kwa hisa, hati bado ina jina la marehemu au haijatoka kabisa. Baba wa mtoto alikuwa na sehemu yake hapo. Mtoto akiasiliwa na kuondoka, sehemu hiyo inaenda kwa nani? Nashauri jambo hili limalizwe kwanza: mirathi ya mzazi aliyefariki ifunguliwe, jina la mtoto liingie katika barua ya chifu inayoorodhesha warithi, na wakili aipange kabla ya ombi la kuasili. Vinginevyo utampa mtoto Dallas na kumnyang'anya Kibomet. Na yule baba mdogo anayeshangilia mno mpango wako wa kumpeleka mtoto mbali, tafuta kujua anashangilia nini.

Swali la pili kwa Wabukusu ni tohara. Mvulana wa miaka kumi au kumi na miwili ana wazee wanaohesabu miaka ya shufwa, kwa kuwa Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka hiyo, na ana khocha, yaani mjomba wake, ambaye anatarajia kijana afike kwake kabla ya siku yenyewe. Ukimchukua kimyakimya, unaonekana umemwiba. Ukilieleza jambo hilo mbele ya watu, mara nyingi wazee wenyewe hutafuta njia: atarudi mwaka fulani, au atapelekwa hospitalini na khocha aarifiwe. Nimesikia vikao vikali vikipoa kwa sababu tu mgeni kutoka ng'ambo alikumbuka kumwita khocha na senge, yaani shangazi, kabla ya kumwita wakili. Kwa Wasabaot, Waturkana, Wakikuyu na wengine wanaoishi nasi hapa Kitale desturi ni nyingine, lakini mtu wa kuulizwa yupo kila mahali.

Hakikisha pia nani anapaswa kuridhia kisheria. Baba aliyeondoka zamani akaoa Malaba, kama bado yu hai, si marehemu kwa sababu tu hakutuma karo. Atafutwe. Ridhaa yake iandikwe, au mahakama ielezwe kwa ushahidi kwa nini haiwezi kupatikana. Kesi nyingi hukwama hapa: jamaa wanaapa kwamba baba hajulikani alipo, kisha afisa wa watoto anampata kwa simu moja.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Mkubwa ana nafasi yake mbele ya jaji, lakini hata wa miaka sita ana la kusema. Mwulize mkiwa peke yenu, siku ambayo hukuleta zawadi. Kama ana ndugu, usimtenganishe nao kwa sababu nyumba yako ina vyumba viwili. Afadhali usichukue yeyote kwa sasa kuliko kuchukua mmoja wa watatu.

Ukoo ukikubaliana, karatasi si ngumu, ila zina mpangilio. Vyeti vya vifo vya wazazi ndivyo vya kwanza. Kibali cha mazishi hakitoshi, na familia nyingi huzika zikasahau cheti. Kisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na hapa angalia tahajia ya majina herufi kwa herufi, maana jina lililoandikwa namna mbili litakurudisha nyuma miezi. Cheti chako cha mwenendo mwema, cha Kenya na cha nchi unakoishi. Cheti cha ndoa, na kama umeoa au umeolewa, ridhaa ya mwenzi wako, kwa sababu huwezi kuasili kwa siri ukampelekea mke au mume mtoto. Ripoti za daktari na uthibitisho wa kipato. Kwa asiye jamaa wa mtoto, sheria hutaka mwombaji awe na miaka 25 hadi 65 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwa jamaa sharti hilo la umri hulegezwa. Amri ikitoka, huandikwa kwa Msajili Mkuu katika daftari la watoto walioasiliwa, na hapo ndipo pasipoti ya mtoto inaombwa kwa jina jipya. Usiombe pasipoti kwa jina la zamani ukidhani unaokoa muda.

Nimezungumza juu ya mtoto wa jamaa kwa sababu ndiye ambaye wengi huniuliza habari zake. Kwa mtoto wa makao ya watoto nitasema machache, ila kwa ukali. Huwezi kutembelea makao, ukampenda mtoto, ukamchagua. Mtoto lazima awe na umri wa wiki 6 au zaidi na awe ametangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa, na aliyeokotwa lazima polisi wathibitishe kwa barua, baada ya kutafuta, kwamba hakuna aliyejitokeza kumdai. Wengi wa watoto walio makaoni wana mzazi au jamaa aliye hai. Ndiyo maana serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Yeyote anayekuambia ana mtoto wa haraka, mkimbie na umripoti. Kupokea au kutoa malipo ili mtoto aasiliwe ni kosa, na Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu ya 2010 inagusa hata uasili unaofanywa kwa nia hiyo. Novemba 2020 BBC Africa Eye ilionyesha jinsi watoto wachanga walivyokuwa wakiuzwa Nairobi. Nyuma ya mtoto wa haraka huenda kuna mama anayemtafuta.

Kuna kundi lingine ambalo halijioni kuwa linavuka nchi. Ni sisi tunaoishi huku huku, wenye dada walioolewa Mbale au Kapchorwa. Dada akifariki, tunapita Endebess hadi Suam, au Lwakhakha kwa upande wa Bungoma, tunarudi na mtoto kwa bodaboda, na hakuna anayeuliza. Ukoo ni mmoja pande zote za Mlima Elgon, lakini sheria ni mbili. Kwa Uganda wewe ni mgeni. Sheria yao ya watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mgeni awe ameishi Uganda angalau mwaka 1 na kumlea mtoto huyo mwaka 1 chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi, na kesi iende Mahakama Kuu yao. Ni katika hali za kipekee tu jaji anaweza kulegeza. Uganda haimo katika Mkataba wa The Hague. Tanzania inamtaka mgeni awe ameishi huko miaka 3 mfululizo. Mtoto aliyevushwa kwa njia ya panya atasoma shule ya msingi bila taabu, kisha atakwama siku ya kuomba kitambulisho, akiwa na miaka 18 na bila nchi inayomtambua. Nenda kwa afisa wa ustawi wa wilaya yake kwanza, na upewe angalau barua. Omba pia cheti chake cha kuzaliwa cha Uganda kabla hujavuka naye.

Baada ya kusema yote haya, hukumu yangu ni kwamba kwa watoto wengi wa jamaa zetu kuasili kwenda ng'ambo si njia ya kwanza wanayohitaji. Kama kukhu bado ana nguvu, au yupo shangazi mwenye nyumba yenye amani, mtoto huyo ana familia tayari. Anachokosa ni pesa zinazofika na mtu mzima mwenye mamlaka ya kutia saini. Mamlaka hayo yanapatikana kwa amri ya ulezi, ambayo haimkati mtoto kutoka kwa ukoo wake. Mzazi mgonjwa ambaye bado yu hai anaweza kumteua mlezi kwa wosia au kwa hati, na ningependa kila mzazi anayeugua afanye hivyo mapema. Kwa Waislamu, Sheria ya 2022 inatambua kafaalah, ambapo mtoto hulelewa bila kubadilishwa nasaba, na mlezi anaweza kumwandikia sehemu katika wasia. Karo lipa moja kwa moja kwa akaunti ya shule, usipitishe kwa mjomba. Mwandikishe kukhu na wajukuu katika bima ya afya ya SHA na ulipe mchango wa mwaka mzima. Piga simu kila Jumapili saa ileile, uzungumze na mtoto, si na waliomzunguka tu.

Lakini kama kweli hakuna wa kumlea, au anayemlea anamtesa, basi usirudi nyuma. Fuata njia ndefu. Anza leo kwa barua mbili, moja kwa baraza lile la Nairobi na moja kwa mamlaka ya uhamiaji ya nchi unakoishi, na umtume ndugu unayemwamini amwone afisa wa watoto Kitale au Bungoma akiwa na vyeti mkononi. Majibu yanaweza kuchukua miezi. Muhula wa kwanza unaanza Januari, na karo ya mtoto huyo itadaiwa hata kama viza haijatoka. Ilipe.